Mali Bila Daftari: Shauri kwa Wenye Misitu Yao

Kila alfajiri malori hushuka kutoka Bugarama kuelekea Bujumbura yakiwa yamesheheni mbao, nguzo na magunia ya makaa. Sehemu ya shehena hiyo huishia Zone Industrielle, penye viwanda, maghala na karakana, si mbali na Ziwa Tanganyika. Huko mbao hugeuzwa milango, vitanda na masanduku ya bidhaa, na kila mkono unaozipokea huongeza bei. Aliyeupanda mti huo kilimani hupata fungu dogo kabisa, na mara nyingi hajui kwa nini.

Nchini Burundi, misitu mingi ya watu binafsi ni vipande vya mikaratusi au migrevilea visivyotimia hekta moja. Familia huvitunza kama akiba ya kulipia ada ya shule, matibabu au mahari. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na akiba hii yaweza kupotea hivyo hivyo, miti ingali imesimama.

Hati kwanza

Jambo la kwanza ni kuithibitisha milki. Sheria ya ardhi ya tarehe 1 Septemba 1986 haimhusu mwananchi wa leo. Iliyopo ni ile ya tarehe 9 Agosti 2011, ambayo imemsogezea huduma karibu. Mwenye shamba aweza kuomba hati katika ofisi ya ardhi ya komine. Kamati hufika kilimani, ikaitazama mipaka mbele ya majirani, na mwenye pingamizi hupewa nafasi ya kulitoa. Ushahidi wa majirani unafaa ukusanywe wangali hai. Mzee aliyepanda mikaratusi yake mwaka 1985 anaujua kila mpaka. Wanawe wanaoishi mjini huenda hawaujui hata mmoja.

Burundi imekwisha kuonja uchungu wa ardhi isiyo na ushahidi. Wakimbizi wa mwaka 1972 waliporejea kutoka Tanzania, wengi walikuta mashamba yao yakilimwa na watu wengine, na mwaka 2006 iliundwa tume ya taifa ya ardhi na mali nyinginezo ili kuamua mashauri hayo. Aidha, mirathi ya ardhi imeongozwa kwa miaka mingi na mila, ambayo humpendelea mtoto wa kiume. Kwa hiyo mume mwenye busara huomba jina la mkewe liandikwe pamoja na lake, ili mama huyo asije akafukuzwa katika miti aliyoipalilia kwa mikono yake.

Hati ya ardhi, hata hivyo, si ruhusa ya kukata. Sheria ya misitu ya tarehe 25 Machi 1985, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inaihusu pia misitu ya watu binafsi. Kabla ya kushika shoka, mwenye msitu hana budi kuuliza katika komine na katika ofisi ya kulinda mazingira, OBPE, ni vibali gani vinavyotakiwa vya kukata na kusafirisha. Lori likizuiliwa njiani kwa kukosa karatasi, mnunuzi huitafuta hasara yake katika bei ya mkulima.

Kipimo na bei

Jambo la pili ni kipimo. Wanunuzi wengi hununua kwa jicho: hutazama kipande kizima, wakataja bei moja, na mwenye shida hukubali. Kamba ya kupimia ingemfaa sana. Na apime mzingo wa gogo katikati yake, kwa mita; auzidishe kwa mzingo huo huo, kisha kwa urefu wa gogo, halafu agawanye kwa 12.57. Jibu ni mita za ujazo.

Tuseme gogo lina urefu wa mita 4 na mzingo wa sentimita 60. Ujazo wake ni kama mita 0.11. Gogo jingine la urefu huo huo, lenye mzingo wa sentimita 120, lina kama mita 0.46. Mzingo umeongezeka mara mbili, lakini mbao zimeongezeka mara nne. Ndiyo sababu kukata mti mchanga ni kuvunja chungu cha akiba kabla hakijajaa. Shida ikibisha hodi, heri kuuza miti michache iliyokwisha kuhesabiwa na kutiwa alama, kuliko kukiangusha kipande kizima.

Makaa nayo hudanganya. Katika tanuri la udongo, kilo 5 za kuni, na pengine hata 10, huteketea ili kupata kilo 1 ya makaa. Basi matawi na magogo yaliyopinda na yachomwe. Gogo lililonyooka lisubiri msumeno.

Wanyama nao wana haki

Jambo la tatu husahauliwa. Mwitu wa Kibira, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1980, una takriban hekta 40,000 na ni makao ya sokwe na nyani. Jirani yake asipande mahindi ukingoni kisha akatega mitego. Kumwua mnyama wa hifadhi ni kosa. Chai haiwavutii nyani, na mashamba ya chai ya Teza na Rwegura yamepakana na mwitu huo miaka mingi. Karibu na chemchemi, mikaratusi isipandwe, kwa kuwa hunywa maji mengi. Miti ya asili ibaki hapo, na ndege watabaki nayo.

Mjini Bujumbura, sheria ya maji ya mwaka 2012 imeuweka ukanda wa mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika katika milki ya umma. Viboko hutoka majini usiku kula majani kandokando ya mji. Anayepanda miti katika ukanda huo asitumaini kupata hati. Amejipandia kesi, tena katika njia ya mnyama mwenye hasira.

Mwenye msitu na anunue daftari moja. Humo aandike mipaka na majina ya majirani walioishuhudia, mwaka wa kupanda, idadi ya miti, mizingo yake, na kila mti uliouzwa pamoja na bei yake. Mkataba wa mauzo uwe wa maandishi, wenye mashahidi, na nakala moja ibaki nyumbani. Daftari hilo liwekwe mahali ambapo mke na watoto wote, wa kike na wa kiume, wanapajua.