Je, Aliyeokoka Anaweza Kuupoteza Wokovu?



Mwezi huu tunapenda tuangalie swali linalowasumbua wanawake wengi hapa kwetu Malangali, mjini Sumbawanga, ingawa ni wachache wanaothubutu kuliuliza mbele za watu. Mama ameokoka, ameshuhudia, anaimba kwaya. Kisha mtoto anaugua wiki baada ya wiki, na ndugu wanamshauri aende kwa mganga. Mwisho anakwenda, tena usiku. Mtoto anafungwa hirizi. Jumapili inayofuata mama haonekani kanisani, wala ile ya pili. Moyoni anajiuliza: je, nimekwisha kuupoteza wokovu?

Wazee wanatueleza kuwa jina la mji wetu latokana na maneno ya Kifipa: sumba, yaani tupa, na wanga, yaani uchawi. Kuutupa mchana ni jambo moja. Kutouokota tena usiku wa shida ni jambo jingine.

Majirani zetu Wakristo hawajibu swali hili kwa namna moja. Kanisa Katoliki, katika Mtaguso wa Trento mwaka 1547, lilifundisha kwamba dhambi ya mauti humwondolea mtu neema, na kwamba aweza kuipata tena kwa sakramenti ya Kitubio. Walutheri, katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, waliwakataa waliosema kuwa aliyehesabiwa haki hawezi kumpoteza Roho Mtakatifu. Wapentekoste wengi nao huonya kwamba mtu aweza kuanguka. Lakini sinodi ya Dordrecht huko Uholanzi, ya mwaka 1618 hadi 1619, ilifundisha kwamba mteule wa Mungu aweza kuanguka vibaya sana, ila Mungu hamwachi apotee kabisa. Wabaptisti wengi hushika mafundisho ya namna hiyo.

Kila upande una Maandiko. Katika Yohana 10:28-29 Bwana anaahidi kwamba hakuna awezaye kuwapokonya kondoo wake mkononi mwake. Lakini Waebrania 6:4-6 inawaonya vikali walioonja kipawa cha mbinguni wakaanguka. Tusiisome ahadi tukaruka onyo, wala tusishike onyo tukasahau ahadi.

Tumtazame mtu mmoja wa huku kwetu Afrika Mashariki. Festo Kivengere alizaliwa Uganda mwaka 1919. Alimwamini Kristo angali mtoto. Alipokuwa masomoni akaiacha imani, na aliporudi kwao kufundisha alikuwa mlevi, akiwachukia Walokole, yaani watu wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Mwaka 1941 alimrudia Bwana. Hakuishia kulia machozi kanisani. Aliwaendea watu aliowakosea akawaomba msamaha, akiwamo mmishenari Mwingereza aliyekuwa akimchukia. Miaka michache baadaye alikuja kufundisha shule Dodoma, na watu wengi wa nchi yetu wakalisikia Neno kwake. Mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi.

Sasa, je, kijana yule aliupoteza wokovu akaupata tena? Au ule wa utotoni haukuwa wokovu kamili? Au Bwana alikuwa amemshika muda wote, hata kwenye pombe? Mama wa Kikatoliki, mama wa Kipentekoste na mama wa Kibaptisti watajibu kila mmoja kwa namna yake. Lakini wote watatu watakubaliana juu ya jambo moja: mlango ulikuwa wazi, naye akaingia.

Hapo ndipo tunapotaka kufika. Maonyo ya Waebrania hayakuandikwa ili kumfukuza anayelia akitaka kurudi. Yanamfaa zaidi yule asemaye, "Mimi nimeokoka, basi," huku anaifuga dhambi yake kama kuku wa nyumbani. Na ahadi ya Yohana 10 haikutolewa kuwa ruhusa ya kutenda dhambi. Imetolewa kwa ajili ya kondoo anayetetemeka. Petro alimkana Bwana mara tatu, lakini Bwana alikuwa amekwisha kumwombea kabla hajaanguka (Luka 22:31-32). Ukiona moyo wako unaumia kwa ajili ya dhambi yako, usidhani Mungu amekuacha. Maumivu hayo ni sauti yake anayekuita.

Basi, mama uliyeanguka, fanya haya:

1. Usingoje mkutano mkubwa wa Injili ili uokoke upya. Tubu leo, hapo jikoni kwako. Soma 1 Yohana 1:7-9.

2. Iondoe ile hirizi. Mtoto mpeleke hospitali, na umwombee. Dawa na maombi havigombani.

3. Mwambie mchungaji wako, padre wako, au dada mmoja mwenye kutunza siri. Dhambi iliyofichwa hukua kama magugu chini ya mahindi.

Na sisi tusioanguka juzi, tujiangalie. Mwenzetu akikosekana Jumapili mbili, je, tunakwenda kumjulia hali, au tunakwenda kisimani kumsema? Huenda alikuwa tayari kurudi, akaogopa macho yetu. Mwana mpotevu alikutana na baba yake kwanza, kabla hajakutana na kaka yake. Laiti angekutana na kaka kwanza, pengine angegeuka njiani.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Someni Luka 15:11-32. Ni nani katika mtaa wenu aliyeacha kuja ibadani? Ni nani kati yenu atakayemtembelea wiki hii?

Bwana aliyeianza kazi njema ndani yenu na aikamilishe. Amina.