Bonde la Msimbazi: Sheria ya Nani?



Kila mvua za masika zikija twasikia maneno yale yale: watu wa mabondeni ni wabishi, waliambiwa wahame, hawakusikia. Maneno hayo sisi hatuyakubali, na mwanachama anayeyarudia barazani hajui anamsemea nani.

Hatubishi kwamba bonde ni hatari. Desemba 2011 Msimbazi ulifurika, watu zaidi ya 40 wakafa katika Dar es Salaam. Na sheria zipo. Mpango Mkuu wa Jiji wa 1979 ulitaka bonde lile lisijengwe makazi. Sheria ya Mazingira ya 2004 ikakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Vyema. Lakini mchukuzi wa Kariakoo alipokatazwa Jangwani, alipimiwa kiwanja wapi, karibu na kazi yake, kwa bei aiwezayo?

Mwingereza aliugawa mji huu kanda tatu, ati kwa aina ya nyumba. Kila mtu alijua maana yake: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mzungu akapata upepo wa bahari. Uhuru ulifuta ubaguzi ule katika sheria, lakini ramani ikabaki. Leo fedha ndiyo inayomchagulia mtu kanda yake.

Baada ya mafuriko yale baadhi ya watu walipelekwa Mabwepande, mbali na mji, wakaanza maisha katika mahema. Desemba 2015 tingatinga likashuka bondeni, nyumba zenye alama nyekundu ya X zikavunjwa, wenyewe wakalala juu ya vifusi. Na katika bonde hilo hilo, Jangwani, ilijengwa karakana ya mabasi yaendayo haraka! Maji yakaingia humo mara kwa mara, mabasi ya umma yakaharibika. Hapo hatukusikia mtu akiitwa mbishi. Nani aliyetia sahihi?

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hili, pamoja na fidia kwa wanaohamishwa. Basi fedha za fidia hupatikana, zikitakiwa.

Twataka kila tawi liwaulize madiwani wake mambo mawili: viwanja vya wanaohamishwa viko wapi, vyenye maji na njia ya basi, kabla nyumba haijaguswa, na nani atakayeruhusiwa kujenga bondeni wao wakishaondoka. Majibu yaandikwe, na yaletwe mkutanoni.