Dawa moja, njia mbili: barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TMDA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi, mwaka wa 19 sasa. Nakuandikia kuhusu dawa moja tu, nimodipini. Naamini ofisini kwenu ni mstari mmoja katika orodha ndefu. Kwetu ilinikosesha usingizi wiki nzima.

Tulimpokea mama mmoja aliyepasukiwa na mshipa kichwani, damu imetapakaa juu ya ubongo. Kumeza hawezi. Daktari akaandika nimodipini miligramu 60 kila baada ya saa nne, ipite kwenye mpira wa puani. Saa nane usiku nikasaga vidonge viwili, nikakoroga na maji, nikavuta kwa bomba la sindano la kawaida kwa kuwa ndilo tulilokuwa nalo. Nikaliweka kwenye trei pamoja na mabomba mengine mawili ya dawa za mshipani. Mara nikaitwa kitanda cha jirani. Niliporudi nikachukua bomba, nikafungua kanula ya mkononi, na kidole kilikuwa tayari kwenye pistoni nilipoona chengachenga nyeupe ndani ya maji. Chenga hizo ndizo zilizomwokoa mama wa watu. Ingekuwa kapsuli, ambayo ndani yake mna kimiminika kisicho na chenga, nisingeshtuka.

Kosa lile karibu nilifanye mimi, na simsingizii mtu. Ila si langu peke yangu. Wenzenu wa Marekani, FDA, walihesabu makosa 31 ya dawa hii kati ya 1989 na 2009. Katika hayo, 25 yalihusu dawa ya kumeza iliyoandikwa au kutolewa kwa njia ya mshipa. Wagonjwa wanne walikufa, watano wakaponea chupuchupu: presha huporomoka ghafla na moyo hushindwa. Kule mtengenezaji alilazimika kuweka onyo la fremu nyeusi mwaka 2006, FDA ikakumbusha tena 2010, na 2013 ikaidhinisha nimodipini ya maji ya kunywa, ili pasiwe na haja ya kufyonza kapsuli kwa sindano.

Nchi nyingine, za Ulaya kwa mfano, zinayo pia nimodipini ya chupa iliyotengenezwa mahususi kwa mshipa. Kwa hiyo huwezi kumwambia muuguzi mgeni "nimodipini haiingii mshipani" ukaishia hapo, wala huwezi kumwambia inaingia. Jina ni lile lile, njia ni mbili, na anayeamua ni mtu aliyesimama tangu saa mbili usiku.

Hiyo chupa nayo ina masharti yake. Ina miligramu 10 katika mililita 50, na sehemu moja ya tano ya ujazo wake ni pombe. Huanza kwa mililita 5 kwa saa, na baada ya saa mbili hupandishwa hadi 10 kama presha imeshikilia. Mgonjwa aliye chini ya kilo 70, au mwenye presha inayoyumba, huanza na nusu ya hapo. Hupita kwenye katheta ya mshipa mkubwa kwa pampu, sambamba na dripu nyingine, haiendi peke yake. Jua likiipiga moja kwa moja inaharibika, kwa hiyo hufunikwa. Tena plastiki ya PVC, ambayo ndiyo mirija mingi ya dripu tunayoijua, huinyonya dawa: pampu inasoma kiwango sahihi huku mgonjwa akipata pungufu. Sasa fikiria ndugu wa mgonjwa ametumwa na karatasi famasi ya nje, akarudi na chupa mkononi. Mrija wake uko wapi? Nani alimwambia kuwa kuna mrija? Na kwa kiwango cha mililita 10 chupa ile inaisha kwa saa tano.

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya madaktari wetu hawatalipenda. Sisi tunaamini sindano. Mgonjwa akipewa vidonge, ndugu huuliza, "Sista, hata sindano moja hamumchomi?" na sisi wenyewe tuna imani hiyo hiyo kimoyomoyo. Lakini utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 1989, wenye wagonjwa 554, ulitumia vidonge: miligramu 60 kila saa nne kwa siku 21. Ambao sehemu ya ubongo wao ilikufa kwa kukosa damu walikuwa 22 katika kila 100, dhidi ya 33 kwa wasiopewa. Kidonge kilifanya kazi hiyo. Chupa ni ya asiyeweza kupokea dawa tumboni. Na dawa yenyewe ni ya damu ya mshipa uliopasuka juu ya ubongo. Kijana aliyeanguka na bodaboda haimhusu, ingawa nimeona ikiandikwa.

Ninachoomba kiko ndani ya uwezo wenu. Kapsuli na vidonge vya nimodipini visiingie nchini bila maandishi ya Kiswahili juu ya boksi, makubwa: SI YA MSHIPANI. Chupa isiuzwe bila mrija wake usio wa PVC ndani ya boksi moja. Na kati ya vifaa tiba mnavyovisimamia, yapeni kipaumbele mabomba ya kulishia ambayo ncha yake haiingii kwenye kanula hata ukilazimisha. Yapo, na yana kiwango chake cha kimataifa. Ningekuwa na bomba moja la aina hiyo usiku ule, uchovu wangu usingekuwa na madhara.

Kuna fomu yenu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa. Sikuijaza, kwa sababu mama hakudhurika na nilikuwa naogopa. FDA wasingepata 31 yao kama kila muuguzi angefanya kama mimi. Wiki hii naijaza, kwa jina langu, na nitaipeleka kwa mfamasia wetu. Naomba mtakapoipokea mnijibu.

Wako katika kazi,
Muuguzi, wodi ya wagonjwa mahututi