Kitufe Kilekile, Herufi Nyingine

Mwongozo ulioandikwa Dar es Salaam ukimwambia mhasibu wa Bujumbura abonyeze Ctrl na Z ili kutendua alichokosea, umemwambia nusu tu ya habari. Herufi Z anayo, ila haipo pale anapodhani mwandishi. Burundi na Kongo, nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji, kibodi ya AZERTY ingali imeenea: ukiilinganisha na QWERTY ya Dar es Salaam, A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, M imehamia pembeni ya L, na tarakimu za safu ya juu hazitoki mpaka ushikilie Shift. Mtu wa Dar es Salaam akikaa mbele ya kibodi hiyo na kuviacha vidole viende vilikozoea, badala ya kutendua atapiga Ctrl na W, amri ambayo katika vivinjari vingi hufunga ukurasa. Alitaka kurudisha neno moja, ukurasa wote umemtoka.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya njia za mkato za kibodi, jambo ambalo wengi hulihesabu dogo. Hoja yetu ni moja: njia ya mkato haijakamilika mpaka mtumiaji awe na uwezo wa kuihamisha.

Tuanze na zilikotoka. Kukata, kunakili na kubandika kama tunavyokujua leo kulikuzwa na Larry Tesler na wenzake katika maabara ya Xerox PARC, California, miaka ya 1970, kisha kukahamia naye Apple. Kompyuta ya Lisa ya mwaka 1983 ikazipa kazi hizo herufi X, C na V, na kutendua kukapewa Z. X inafanana na alama ya kufuta, C inaanza neno la Kiingereza la kunakili, V inaelekeza chini mahali pa kupachika, na zote nne zimepangana safu ya chini ya QWERTY, karibu na kidole. Sababu hizo ni za aina mbili: nyingine za herufi, nyingine za mahali. Kwenye kibodi ya Marekani zilikaa pamoja bila ugomvi. Zilipovuka bahari zikaachana. Ujerumani, ambako Z na Y zimebadilishana, kutendua kumepanda juu katikati ya kibodi na kurudia, ambako hutumia Y, kumeshuka kwenye kona.

Wako waliojaribu kuzifuata lugha. Katika Word ya Kihispania, Ctrl na G huhifadhi faili, kwa kuwa kuhifadhi ni «guardar». Katika Word ya Kifaransa, Ctrl na G hizohizo hukoleza maandishi, kwa kuwa maandishi mazito ni «gras». Mwenye lugha hukumbuka kwa urahisi, lakini anayebadilisha lugha au kompyuta huanza upya. Sisi tukiiga njia hiyo, tutakwama mlangoni: Fungua na Funga zote zinaidai F.

Wengine wameshika mahali. Michezo ya kompyuta humwendesha mchezaji kwa W, A, S na D kwa sababu ya umbo la vitufe hivyo vinne, si kwa sababu ya herufi. Kwenye AZERTY umbo hilohilo linasomeka Z, Q, S na D. Hapa kushikilia herufi kungevisambaza vidole ovyo.

Basi hakuna kanuni moja ya kumaliza shauri, na mtengenezaji hana budi kuamua kwa kila amri. Kisingizio cha kukosa nyenzo hakipo tena: viwango vya wavuti vya shirika la W3C humpa taarifa mbili kila kitufe kinapobonyezwa, herufi iliyotoka na mahali kitufe kilipo. Asiyechagua kati ya hizo huwa amemchagulia mtumiaji kibodi ya Marekani.

Madhara yake si ya kufikirika. Mwaka 2015 mbunifu Marcin Wichary, mzaliwa wa Poland, alieleza jinsi watumiaji wa Kipolandi walivyoshindwa kuandika ś kwenye jukwaa la Medium. Jukwaa lilikuwa likihifadhi kazi lenyewe, kwa hiyo liliizima Ctrl na S ili dirisha la kuhifadhi lisijitokeze bure. Lakini Wapolandi huiandika ś kwa kitufe cha AltGr pamoja na S, na Windows huihesabu AltGr kuwa ni Ctrl na Alt kwa pamoja. Amri ikazimwa, na herufi ya watu ikazimika nayo.

Kwa mwenye macho na kipanya, hayo ni usumbufu. Kwa asiyeona, kibodi ndiyo mlango. Anayetumia NVDA, kisoma-skrini cha bure kilichoanzishwa Australia mwaka 2006, hubonyeza H kuendea kichwa cha habari kinachofuata na K kuendea kiungo. Tovuti ikizinyakua herufi hizo kwa amri zake, imemfungia njia. Anayeandika kwa sauti yuko hatarini zaidi, kwani neno moja analolitamka laweza kupokewa kama mlolongo wa amri. Ndiyo maana mwongozo wa ufikivu wa wavuti, WCAG 2.1, wa mwaka 2018 unataka njia ya mkato ya herufi moja iweze kuzimwa, au kubadilishwa, au ifanye kazi pale tu sehemu husika imechaguliwa. NVDA yenyewe inatoa mfano: amri zake zinaweza kupangwa upya, na ina mpangilio wa pekee kwa kompyuta za mkononi.

Kwa watengenezaji wa programu za Kiswahili, tunadai mambo matatu. Wasifunge amri kwa Ctrl na Alt pamoja na herufi, wala kwa alama kama mkwaju, ambao kwenye kibodi ya Kijerumani hautoki bila Shift na 7. Miongozo itaje kwanza jina la amri na menyu ilimo, ndipo kitufe kifuate. Na kila programu iwe na ukurasa wa kubadilisha njia za mkato, unaoonyesha herufi zilizochapwa kwenye kibodi ya mtumiaji mwenyewe.

Ukurasa huo una gharama, na mtengenezaji ataulipia mara moja. Usipokuwapo, gharama haifutiki: wataibeba kila siku wale ambao kibodi yao, lugha yao au mwili wao haukuwa akilini mwa mbunifu.