Santuri Iliyowausia Washindi

Wa kumsifu mshindi hawaadimiki. Anayeadimika ni wa kumuusia. Ndiyo sababu naona santuri ya Bob Marley iitwayo Survival, iliyotoka Oktoba 1979, ingali na neno la kutwambia hata leo.

Litazameni kwanza jalada lake, wasomaji. Bendera za nchi za Afrika zimepangwa safu kwa safu, na juu, nyuma ya jina la santuri, pana mchoro wa merikebu ya watumwa, wanaadamu wamebanwa ubavu kwa ubavu. Kabla ya kuimba, Mjamaika huyo amekwisha tukumbusha tulikotoka.

Ndani mna nyimbo 10. Mmoja, "Zimbabwe", ulitoka vita vya kuikomboa nchi hiyo vingali vikali. Angeliweza kuwapamba wapiganaji kwa sifa tupu. Aliwaunga mkono, naam, lakini papo hapo akawaonya juu ya ugomvi wa wao kwa wao, na kwamba mwanamapinduzi wa kweli atakuja kujulikana.

Hakuwa mpiga ramli. Kwao Jamaika aliona maskini wakiuana kwa ajili ya vyama, na Disemba 1976 yeye mwenyewe alipigwa risasi nyumbani kwake. Aliyasema aliyoyaonja.

Aprili 1980 alialikwa kuuimba uhuru katika uwanja wa Rufaro, mjini Salisbury, ambao leo ni Harare. Wananchi waliobaki nje walipojisukuma waingie, askari waliwatupia gesi ya machozi, ikafika hata jukwaani. Siku ya pili yake Marley akawaimbia tena watu wote.

Alifariki tarehe 11 Mei 1981, umri wake miaka 36. Hakuyaona ya Matabeleland, ambako tangu 1983 jeshi liliua maelfu ya raia, mpaka wakubwa walipopatana Disemba 1987. Wala hakumwona Mugabe, aliyekabidhiwa nchi usiku ule wa shangwe, akitolewa kitini na majenerali wake mwenyewe Novemba 2017.

Basi mimi nasema, utunzi wa namna hii ndio umfaao mtawala, ingawa haumpendezi. Tunapowaita waimbaji kwenye sherehe zetu za taifa, tusichukue mdundo tukauacha wasia. Na watunzi nao, wakialikwa, wasiufiche ubeti wa onyo kwa kuogopa kunyimwa kiti cha mbele.