Juu ya Mbegu za Ngano Zisemwazo Kuwa Haziugui

Wanachama wenzetu, kuna desturi ambayo haitupasi kuinyamazia. Kila itolewapo mbegu mpya ya ngano ishindayo kutu, wakulima huambiwa kwamba maradhi yamekwisha. Hotuba hupigiwa makofi, magunia hugawanywa, na fikira za wakubwa huhamia kwingine. Twasema wazi kwamba neno hilo si kweli, na gharama yake humwangukia mkulima.

Na tuyatazame mambo yenyewe. Kutu ya shina ni kuvu, na vumbi lake jekundu huchukuliwa na upepo kuvuka mipaka pasipo cheti. Mwaka wa 1998 ilionekana Uganda aina mpya ya kutu hiyo, ikaitwa Ug99. Iliishinda jeni ya Sr31, ambayo ngano nyingi za ulimwengu ziliitegemea. Ikafika Kenya mwaka wa 2001, Ethiopia 2003, Yemen 2006 na Iran 2007.

Kenya ilikuwa na ngano iitwayo Kenya Mwamba, iliyokingwa na jeni nyingine, Sr24. Mwaka wa 2006 kutu iligeuka tena, na mwaka wa 2007 Mwamba huo ukaliwa mashambani. Baadaye ikaja mbegu ya Robin, ikapendwa kwa mavuno yake. Mwaka wa 2014 nayo ikapatwa. Huko Ethiopia, Digalu iliyostahimili Ug99 iliangushwa kuanzia mwaka wa 2013 na kutu ya ukoo mwingine. Mara tatu somo ni lile lile: mwenye kutegemea ngao moja, ikitobolewa hana pa kujificha.

Hatusemi haya ili kuwadharau watafiti. Kituo cha Njoro, kilichoanzishwa mwaka wa 1927, kina heshima yake. Ngano za Kenya ndizo zilizomfaa Norman Borlaug kule Meksiko. Jina la mbegu yake Kentana 48 ni Kenya na Mentana zilizounganishwa. Tangu mwaka wa 2005 ngano za nchi nyingi huletwa Njoro zijaribiwe, misimu miwili kwa mwaka. Hupandwa vijisafu, na kando yake hupandwa ngano dhaifu iliyoambukizwa makusudi ili kutu ienee. Kisha mwandishi hupita safu kwa safu, akakadiria kwa mia ni kiasi gani cha shina kimeshikwa, na madonda ni makubwa au madogo. Hurudi tena na tena mpaka masuke yakomae.

Hapo ndipo hotuba na daftari hutengana. Jicho la haraka hupenda ngano iliyo safi kabisa, na kuidharau ile yenye madoa machache. Lakini usafi ule mara nyingi ni kazi ya jeni moja, nayo yaweza kushindwa kwa msimu mmoja. Ngano iuguayo polepole, ikaendelea kujaza punje zake, mara nyingi ina jeni kadhaa zisaidianazo. Jeni ya Sr2, aliyoihamisha McFadden wa Marekani katika miaka ya 1920 kutoka ngano ya kale, haikuondoa madoa yote. Walakini yasaidia hata leo.

Wako wasemao kwamba mkulima hawezi kungoja. Ni kweli, njaa haingoji. Lakini aliyepewa mbegu upesi, akapoteza shamba lote mwaka wa nne, ameharakishwa kwenda wapi? Wengine husema dawa ya kunyunyizia ipo. Ipo kwa mwenye trekta na fedha. Mwenye eka mbili huinunua kwa deni, na mara nyingi huipata shina likiwa limekwisha kuwa jekundu.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, mbegu yoyote isitolewe kwa neno tupu la “haiugui”, bali pamoja na habari za kinga yake, mahali ilipojaribiwa na misimu iliyopita. Pili, wilaya moja isijazwe mbegu moja, hata ikiwa na mavuno mema namna gani. Tatu, fedha za kuzalisha na kupima mbegu zitolewe kila mwaka, hasa mwaka ambao kutu haikuonekana, kwa maana mbegu itakayohitajiwa kesho huchukua miaka mingi kupatikana.

Nasi makarani tusijione tu nje ya jambo hili. Hesabu za mashamba hupitia mikononi mwetu. Tarakimu ya 60 ikiandikwa 6 ili kumfurahisha mkubwa, si wino tu ulioharibika. Ni chakula cha watu. Tuandike kilichoonekana, na anayetaka kusifu asifu baada ya kusoma. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.