Je, Kidawa Alimwonea Dadi?

Katika "Masharti ya Kisasa", hadithi ya Alifa Chokocho iliyomo katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, wanafunzi wengi humlaumu Kidawa kwa kumkalia mumewe. Kwa maoni yangu, lawama hiyo haina mashiko.

Kwanza, Kidawa alitaja masharti yake kabla ya ndoa, na Dadi akayakubali. Kusaidiana kazi za nyumbani ni makubaliano, si adhabu.

Pili, tunamwona Kidawa zaidi kupitia macho ya Dadi, na macho hayo yamejaa wivu. Kidawa hufanya usafi shuleni na kuuza bidhaa. Akina mama wanaotoka Kangemi kila asubuhi kuja kusafisha nyumba za Loresho huwasifu kwa bidii. Mbona Kidawa umshuku?

Tatu, kinachomwangusha Dadi kutoka kwenye bomba ni taasubi yake: imani kwamba mume anayepika si mume kamili.

Basi, unapojibu swali, tenganisha mtazamo wa mhusika na ujumbe wa mwandishi. Kidawa hakupiga kelele wala hakutoroka. Alipinga mila kandamizi kwa kusema mapema anachotaka.